Dakika Sita za Bibi

Simu ya Bibi nimeachiwa mimi. Ina ufa pembeni mwa kioo, na kava lake la plastiki limegeuka rangi ya chai. Juzi nililivua nilifute vumbi, nikakuta harufu yake bado imo ndani: nazi iliyochacha kidogo, na udi. Nikalirudisha haraka, nikiogopa harufu isije ikaniishia. Sasa nikiitaka navua kava upande mmoja tu, kidogo, nanusa, nafunga.

Ndani ya simu hiyo mna voisi zake nyingi, alizokuwa akimtumia mama yangu. Zote ni safi. Hakuna kikohozi, hakuna jogoo, hakuna mtu anayepiga hodi. Bibi anaongea taratibu, neno baada ya neno, kama anayesoma matangazo ya vifo redioni. Mtu asiyemjua akizisikiliza atadhani alikuwa mwanamke mkavu, asiyecheka. Bibi yangu hakuwa hivyo hata siku moja. Aliyemfanya awe hivyo ni mimi, nikiwa na miaka kumi na moja, na nimeshaandika habari hii mara kadhaa nikaifuta kwa sababu kila mara nilikuwa najipendelea. Leo naiacha kama ilivyo.

Tulikuwa tunaishi Ngamiani, mimi na yeye, kwenye nyumba yenye ukumbi mrefu katikati na uwani kwa nyuma. Mama alikuwa amekwenda Muskati kufanya kazi za ndani, kwa mkataba wa miaka miwili. Asubuhi Bibi alikaanga vitumbua barazani, mchana alilala kidogo, na baada ya alasiri alikaa uwani kukuna nazi ya chakula cha usiku. Aliniita mke mwenzangu, ule utani wa mabibi na wajukuu wao wa kike, ingawa mume tuliyekuwa tukigombania, yaani babu, alikufa kabla sijazaliwa. "Mke mwenzangu, nipe kata hiyo." "Mke mwenzangu, umeswali au unanitazama tu?"

Mwanzoni alikuwa na kitochi, simu ndogo ya vitufe, na alikuwa bingwa wake. Herufi zetu hizi hakuzijua. Alisoma chuo cha Kurani, akaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu mpaka uzee wake. Lakini namba ya Mama aliibonyeza bila kuangalia, kwa kufuata mahali pa vitufe, kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwake. Kisha Mama akatuma simu ya kupangusa kwa mtu aliyekuwa anarudi. Bibi aliigeuza huku na huku.

"Sasa hii inabonyezwa wapi? Mbona kama kigae?"

"Inapanguswa, Bibi."

Akachukua pindo la kanga, akaipangusa vizuri, akanirudishia. "Haya, imeng'aa. Piga."

Aliyetufundisha voisi ni Bi Saada, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, muuza bajia. Alituonyesha alama ya kipaza sauti: unabana kidole hapo, unaongea, ukiachia inakwenda. Ukikosea, unaburuta kidole kushoto, na kile kipaza sauti kinaruka kikaingia kwenye pipa dogo la taka, pipa linajifunika. Mimi pipa lile lilinipendeza kuliko kitu chochote. Niliamini kabisa kwamba yote yanayoingia humo yanakaa humo, na kwamba siku moja litajaa.

Bibi alielewa voisi kuwa ni barua. Siku ya kwanza Bi Saada alimbania kidole, naye akaanza kama alivyokuwa akiandika zamani: "Bismillahi. Kwako mwanangu mpenzi, uliye mbali na macho yangu. Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima, hofu na mashaka ni juu yako." Hapo barua ikamwishia. Akakumbuka nazi yake. Akaenda kukaa kwenye mbuzi na kuendelea kukuna, Bi Saada akimfuata na simu kama mwandishi wa habari, na Bibi akaongea tu. Akamwambia Mama kwamba mwembe wa jirani umekatwa na sasa jua linaingia mpaka jikoni. Akakohoa. Akamgombeza Bi Saada: "Usinisogezee simu mdomoni, wataka niile?" Muuza samaki akapita na kengele ya baiskeli, Bibi akaacha mazungumzo na kupaza sauti: "Una changu au una maneno?" Adhana ikaanza, akanyamaza, wote tukanyamaza, na Bi Saada hakuachia kidole mpaka adhana ikaisha.

Jioni Mama alijibu. Nilikuwa nimekaa karibu kabisa na simu. Kwanza kulikuwa na kilio, kile cha mtu anayejiziba mdomo asisikiwe na watu wa nyumba. Kisha akasema, "Mama, usinitumie tena kama ile. Siiwezi."

Bibi akaiweka simu chini na kuinamisha kichwa. Hakunieleza kitu, nami sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa. Kwa akili yangu ya wakati ule jambo lilikuwa wazi: ile voisi ilikuwa mbaya. Ilikuwa na makelele, kikohozi na habari za changu, na Mama, aliyeko kwenye nyumba ya watu yenye marumaru, alikuwa ameona aibu. Shuleni ndiyo kwanza tulikuwa tunafundishwa barua ya kirafiki, na mwalimu alikuwa ananirudishia daftari langu lisilo na wino mwekundu hata mahali pamoja. Nikaona kwamba Mungu ameniweka pale kwa kazi hiyo.

Kuanzia siku hiyo kidole kikawa changu. Niliandika maneno kwenye daftari, nikamnong'oneza Bibi mstari mmoja mmoja, naye akarudia.

"Madhumuni ya voisi hii," nanong'ona.

"Madhumuni ya voisi hii," anasema Bibi.

"Ni kukujulisha kwamba sisi hatujambo."

"Ni kukujulisha kwamba sisi hatujambo. Mwalimu, nikohoe sasa au nikohoe baadaye?"

Naburuta kushoto. Pipa linajifunika. Tunaanza upya.

Tulikuwa tunaanza upya mara nne, mara saba, hata mara kumi na mbili. Jogoo akiwika, upya. Bibi akicheka, upya. Akisahau na kusema "unamkumbuka yule paka wetu," upya. Nilimhamisha kutoka uwani nikamfungia chumbani, dirisha limefungwa, jasho linamtiririka shingoni, ili sauti itoke safi. Bibi alivumilia mambo mengi kwangu. Siku moja tu aliusukuma mkono wangu na simu yake, bila hasira.

"Wewe unampelekea mama yako salamu," alisema. "Mimi nataka kuzungumza na mwanangu."

"Alisema hataki kama ile, Bibi. Ulimsikia."

Akanitazama. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kumweleza mtoto kwamba mtu anaweza kulilia kitu anachokitaka. Hakuipata, au alichoka. Alisema, "Haya, mke mwenzangu. Soma."

Mkataba wa kwanza ulipokwisha, Mama alisema ataongeza miaka mingine miwili. Watu wazima walijua sababu. Mimi nilijua yangu: wiki ile nilikuwa na homa, nikaacha voisi moja iende ikiwa na kikohozi. Nilijipiga kofi mwenyewe chooni, nikaifuta hiyo na ile ya kwanza kwenye simu yetu, kisha nikaongeza ukali. Siwezi kueleza kwa heshima jinsi nilivyokuwa nimeshikwa. Niliamini kwamba mama yangu yuko juu ya mizani, na kila kosa linalotoka kwenye nyumba yetu linamsogeza mbali kidogo. Nilikuwa mtoto mwenye hofu, na hofu yangu ilikuwa na kidole.

Ikabaki miezi mitatu mkataba wa pili uishe. Siku moja nilirudi shuleni nikakuta kioo cha simu kina alama nyeupe zilizokauka, za tui. Bibi alikuwa amelala chumbani. Nikaifungua. Kulikuwa na voisi ambayo sikuirekodi mimi. Dakika sita na sekunde kadhaa. Dakika sita kidole gumba cha mwanamke mwenye umri ule, kilichovimba vifundo, kilikuwa kimebana pale bila kuachia.

Niliweka simu sikioni. Nilisikia mbuzi ya nazi inakwaruza. Nikasikia kikohozi. Kisha Bibi, kwa sauti yake hasa, ile ya uwani: "Mwanangu, leo nipo peke yangu. Huyu bosi wako mdogo hajarudi. Hebu acha niseme."

Hapo nikaizima. Niliumia, kwanza kwa sababu nilikuwa bosi mdogo, na pili kwa sababu ya mbuzi na kikohozi na miezi mitatu iliyobaki. Zile tiki mbili zilikuwa bado za kijivu. Mama alikuwa hajaisikiliza, simu yake alikuwa anaishika jioni tu. Nikabana voisi ile mpaka ikabadilika rangi. Simu ikaniuliza nifute kwangu tu au nifute kwa wote.

Nikafuta kwa wote.

Kesho yake, baada ya alasiri, Bibi aliniita. "Mama yako kajibu?"

Hakusema ajibu nini. Nami sikuuliza.

"Hajajibu."

"Hata neno?"

"Hata neno, Bibi."

Akaichukua simu, akajifunika kanga na kuvuka barabara kwenda kwa Bi Saada. Alirudi na bajia kwenye karatasi, tukala pamoja. Siku chache baadaye, nikiwa natoka chuoni, alinikabidhi simu kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa amana.

"Shika mwenyewe moja kwa moja," alisema. "Vidole vyangu vimezeeka, mambo haya siyawezi."

Nilifurahi. Hiyo ndiyo sehemu inayonitesa kuliko zote, kwamba nilifurahi. Na Mama alirudi kweli, mkataba ulipokwisha, na masanduku mawili na manukato. Alinikumbatia kwenye kituo cha basi mpaka nikakosa pumzi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilimrudisha mama yangu kwa kufuta.

Tangu hapo Bibi hakugusa tena kioo kile. Simu ikilia, aliinyoosha hewani kwa yeyote aliyekuwa karibu, kama mtu aliyeshika kaa: "Jamani, linaita hili!" Watu walicheka, naye alicheka nao. Ikawa hadithi ya nyumbani, na msimuliaji wake mkuu nikawa mimi. Kila mgeni akija nilimwigiza Bibi anavyoshika simu juu chini. Nilikuwa na ustadi wa kuigiza. Alipougua, miezi ile ya mwisho, siku moja aliniomba nimpigie mama mkubwa Zuhura wa Pongwe, nikamshikia simu sikioni saa nzima, mkono ukaniuma, na sikuwaza chochote ila kwamba wazee na simu ni taabu tupu.

Ninachokitamani sasa ni kidogo sana. Ninamtamani akisema "una changu au una maneno." Ninakitamani kile kikohozi, ambacho kilikuwa na sauti tatu, mbili fupi na moja ndefu, na baada ya ile ndefu alikuwa akisema "alhamdulillahi" kana kwamba amemaliza kazi. Nimejaribu kukiigiza nikiwa peke yangu. Hakitoki. Usiku na mchana nina voisi za mwanamke safi ninayemjua kwa mbali tu.

Siku ya arobaini yake tulikuwa uwani, wanawake, tunachagua mchele wa pilau kwenye nyungo. Mama alikuwapo, na mama mkubwa Zuhura aliyekuja kutoka Pongwe alfajiri, na Bi Saada, ambaye sasa macho yake hayaoni vizuri lakini anachagua mchele kwa vidole haraka kuliko sisi. Mama mkubwa ndiye aliyeanza.

"Hebu tuonyeshe bibi yako na simu," aliniambia. "Tucheke kidogo, mwaya, tumelia mno."

Nikachukua simu, nikaishika juu chini. "Jamani, linaita hili!" Wakacheka mpaka mchele ukamwagika.

"Marehemu!" alisema Mama, akijifuta macho. "Mnakumbuka alivyonitia wasiwasi kule Muskati? Jioni moja nafungua simu nakuta, ujumbe umefutwa. Moyo ukanipasuka, nikasema huko kuna msiba wananificha. Nilipoachiwa tena simu, kesho yake jioni, nikampigia. Akaniambia, 'Hakuna lolote, mwanangu, nilikuwa najaribu kukutumia salamu nikabonyeza sipo, yakafutika. Simu zenu hizi si za wazee.' Nikamcheka wee, na mimi nalia huku."

"Kufuta anajua, kutuma hajui," alisema mama mkubwa, wakacheka tena.

Mimi sikucheka. Nilimtazama Bi Saada. Alikuwa ameinama juu ya ungo wake, vidole vimesimama.

Nilikuwa nimeishi miaka yote ile nikidhani kuna watu wawili tu wanaojua kilichotokea, mimi na Mungu. Sasa nikaona safari ile ya kuvuka barabara, Bibi na simu yake, akiomba asomewe yale maandishi madogo yaliyokaa mahali pa dakika zake sita.

Ningeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli kwamba nilipima. Hadithi ilikuwa tamu, watu walikuwa wanacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, na mimi ni mtu ambaye mpaka leo nikikosea jambo dogo nashindwa kula. Lakini nilimwona Bibi pale ameshika simu kama kaa, mbele ya wageni, mwaka baada ya mwaka, anachekwa na kila mtu na mimi nikiwa wa mbele, kwa jambo alilokuwa analiweza.

"Bibi alikuwa anajua simu," nilisema. "Aliituma mwenyewe, ikafika. Mimi ndiye niliyefuta."

 Kuku wakaja kudonoa mchele na hakuna aliyewafukuza.

"Wewe?" alisema Mama.

"Nilidhani ukiisikia hutarudi."

 Bi Saada ndiye aliyesema, bila kuinua uso. "Nilimsomea mimi. 'Umefuta ujumbe huu.' Akasema, 'Sikufuta, Saada.' Nikamwambia najua. Akakaa pale kwenye kigoda changu. Kisha akasema, 'Basi nimefuta mimi. Tusimtie mtoto aibu, anamtaka mama yake.' Akaniomba bajia." Alipangusa ungo kwa kiganja. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, mjukuu wangu. Nikafikiri nitakufa kabla."

 Mama alichukua kiganja cha mchele, akauacha uanguke, akachukua tena. Nilingoja adhabu yoyote, nilikuwa tayari kwa yoyote.

"Ilikuwa ndefu?" aliuliza.

"Dakika sita."

"Dakika sita," alisema. "Alisema nini?"

"Sijui. Nilisikia mwanzo tu. Alisema yupo peke yake, akasema acha niseme. Nikazima."

Mama akamgeukia Bi Saada. Bi Saada akatikisa kichwa. "Nilimfundisha kubonyeza, nikatoka. Maneno ya mtu na mwanawe mimi nakaa nisikilize nini?"

Ndipo ikanijia kwa uzito wake wote kwamba duniani hakuna mtu anayejua maneno yale. Lile pipa halina kitu ndani. Mama alikuwa analia sasa, bila kujiziba mdomo, na mimi nikaogopa kumgusa.

Mama mkubwa Zuhura aliweka ungo wake chini. "Dakika sita za mama yangu?" alisema. "Nne zote salamu."

Mama akacheka na kilio chake humohumo. "Nne umepunguza. Tano."

"'Ama baada ya salamu,'" mama mkubwa akaanza, akikaza sauti kooni, "'huku sote wazima, ila dada yako wa Pongwe kazidi kunenepa...'"

"Hakusema hivyo!"

"Atasema! Humjui mama? 'Na Saada kakaanga bajia hazina hata chumvi...'"

"Mwongo wewe," alisema Bi Saada. "Bajia zangu alizisifu mpaka anakufa. Alisema hivi: 'Mwanangu, Saada ndiye anayenitunza huku.'" Akakohoa, kikohozi cha kuigiza, kimoja kirefu, kisichofanana na cha Bibi hata kidogo.

"Kisha akasema urudi," aliongeza mama mkubwa, polepole.

"Hapana," alisema Mama. "Asingesema nirudi. Angesema paka kazaa." Akajifuta uso kwa kanga, akajiweka sawa kwenye mkeka, na kuanza kwa sauti ya Bibi aliyoikosea tangu neno la kwanza, nyembamba mno, ya haraka mno, akieleza habari za paka aliyezaa ndani ya ndoo, watoto watano, mmoja mweupe, na jinsi jua linavyoingia jikoni. Mama mkubwa akimkatiza, Bi Saada akikataa, wote watatu wakisema kwa mpigo.

Paka wetu alikuwa dume. Nilijua. Sauti haikuwa yake, kikohozi hakikuwa chake, na Bibi hakuwahi kumwambia mtu kwamba Saada anamtunza. Neno la kusahihisha lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu. Nikavuta ungo karibu, nikawaacha waendelee.